Malkia wa Mzinga wa Uhuru

Kopo lilikuwa bado pale pale lilipoonekana siku kumi zilizopita, kwenye nyasi chini ya mti wenye mizinga minne, na kijiji kizima hakuna aliyethubutu kuligusa. Sajenti Habakuki alichuchumaa mbele yake, akavua kofia, akalitazama. Lilikuwa kopo la dawa ya josho, ile ya kuulia kupe wa ng'ombe, na ubavuni lilikuwa na picha ya fuvu na mifupa miwili. Mvua za Aprili zilikuwa zimelijaza maji nusu.

"Unatafuta nini tena, Sajenti?" aliuliza Mzee Mhina, mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono nyuma. "Fuvu si hilo hapo linakuchekea?"

"Naliona, mzee."

"Basi andika. Kijiji kina mizinga arobaini. Ishirini na sita nyuki wake wamekwisha, kumi na mitatu iko njiani. Mwenye kopo tumemfungia ghalani. Jumamosi mkutano mkuu unamfukuza, yeye, mkewe, watoto na ng'ombe zake, kisha tunakukabidhi umpeleke Handeni akajibu mashtaka. Leo Jumatano. Wewe unachuchumaa!"

Habakuki alikuwa Msambaa wa Bungu, mtu wa milima na viazi, aliyeletwa idara ya upelelezi Handeni mwaka uliopita, 1975. Nyuki aliwaogopa kuliko alivyowaogopa majambazi wenye mapanga, na hakuona haya kulisema. Lakini kuandika kitu asichokiamini, hilo lilimshinda. Alichuma unyasi, akautumbukiza koponi, akakoroga taratibu.

"Mzee, hebu sogea. Hivi vinavyochezacheza ni nini?"

Mzee Mhina alisogea shingo upande. "Viluwiluwi vya mbu."

"Wazima?"

"Si unawaona wanavyopinduka."

"Ndani ya sumu?"

Mzee alikohoa. "Mvua imeisafisha."

"Huenda," alisema Habakuki, na kweli akaandika yote mawili, viluwiluwi na mvua. Halafu akainama chini ya mizinga. Mizoga ya nyuki ilikuwa imetapakaa, na sisimizi walikuwa wanaibeba kwa msururu kuelekea shimoni kwao, kazi moja kwa moja, hakuna aliyelewa wala aliyelala njiani. Aliufuata msururu ule mpaka shimoni. Sisimizi wanaokula nyama yenye sumu hawawi na afya namna hiyo. Hilo nalo akaliandika.

Ushahidi dhidi ya Sironka, yule aliyefungiwa ghalani, ulikuwa wa mambo matatu. Kopo ni lake. Mwezi wa kwanza alitoa maneno mabaya hadharani kuhusu nyuki wa kijiji. Na katika mizinga yote arobaini, mmoja tu ulikuwa mzima kabisa, nao ulikuwa wa Sironka mwenyewe. Kila mtu pale kijijini Kwamsisi aliyataja hayo matatu kwa vidole, na kila mtu alipofika kidole cha tatu alitikisa kichwa kama aliyemaliza kazi.

Ghalani, Sironka alikuwa ameketi juu ya gunia la mbegu, mgolole umefunika magoti. Alikuwa mfugaji mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini na ushee, aliyeandikishwa kijijini hapo wakati wa Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, baada ya maisha yake yote kuhama na malisho.

"Shikamoo, mzee," alisema Habakuki.

Mgambo wa mlangoni aligeuka macho yamemtoka. Mtuhumiwa anapewa shikamoo!

"Marahaba," alijibu Sironka polepole. "Wewe ni wa kwanza tangu Jumatatu."

"Kopo ni la nani?"

"Langu. Niliwahi kulisugua kwa majivu na mchanga siku tatu, likawa la kunyweshea ndama. Wamenywea humo mwaka mzima. Mshikio ulikatika, nikalitupa. Nenda kawahesabu ndama, wote wapo."

"Na yale maneno?"

Uso wa Sironka ulionyesha uchungu, na hakujaribu kuuficha. "Ilikuwa siku ya kugawa sega. Mtu wenu wa nyuki, Sadala, alisimama na beseni, kila mwenye mzinga akapewa kipande aweke mzingani mwake. Mimi nina mzinga. Nimekuwa nao kabla kijiji hakijaja hapa, asali ya sherehe za wanangu inatoka humo. Nikanyoosha mkono. Akaniambia mbele ya watu wote, 'Wewe ni mtu wa ng'ombe, subiri.' Nikasubiri mpaka beseni likaisha. Nikasema kitu kinachogawiwa hivyo hakina baraka, kitawaharibikia. Nilisema, sikatai. Nilikuwa nimeumia."

"Kwa hiyo mzinga wako haukupata kipande?"

"Haukupata. Na ndio mzima, na ndilo kosa langu kubwa." Alimtazama Habakuki usoni. "Sajenti, mimi jela nitakaa. Lakini Naisimoi mke wangu ana mimba ya miezi minane. Wakimfukuza Jumamosi, atazalia barabarani."

Habakuki alifunga daftari. Alitoka ghalani akienda haraka kuliko alivyoingia, na kichwani mwake kile kidole cha tatu cha wanakijiji kilikuwa kimeanza kuelekea upande mwingine.

Alasiri, jua lilipopoa, alimwomba Sadala ashushe mzinga mmoja kati ya ile kumi na mitatu. Sadala alikuwa mfupi mwenye mikono ya makovu, na kila nyuki aliyekufa alikuwa amemlilia kwa niaba ya kijiji kizima. Aliwasha mwenge wa nyasi, akafukiza moshi, akafungua kifuniko cha gogo. Habakuki alijifunga shuka kichwani, akabakiza macho tu, akasimama nyuma ya mgongo wa Sadala. Lau polisi wenzake wangemwona, wangemcheka hadi Krismasi.

"Malkia huyu hapa," Sadala alinong'ona. "Mtazame alivyo mrefu. Anatembea vizuri tu."

"Anataga?"

Sadala alipekua sega moja, la pili, la tatu. "Hakuna yai. Hakuna hata jana moja, mtoto wa nyuki."

"Mizinga ile mingine ilianzaje?"

"Hivi hivi. Malkia anaacha kutaga. Wale wafanyakazi wanazeeka, wengine wanatambaa chini hawawezi kuruka, na hawana wadogo wa kuwarithi. Kundi linapungua, linapungua, mwisho unakuta gogo tupu. Mwezi mzima, miezi miwili."

"Bwana Sadala, wewe ni fundi. Nieleze mimi mjinga. Sumu ya josho ikimwagwa mzingani, nyuki wanakufa kwa muda gani?"

"Siku hiyo hiyo. Unakuta rundo mlangoni."

"Rundo umeliona?"

Sadala alitazama nyasi chini ya mti. "Sijaliona," alisema.

"Sasa ni sumu gani inayomwacha malkia anatembea vizuri, ikaondoa mayai yake tu?"

Moshi uliwapalia wote wawili wakakohoa. Habakuki alikuwa ameona kitu mlangoni mwa gogo, michirizi ya rangi ya kahawia iliyokauka, mingi, imeshuka kama ya chai iliyomwagika. Aliinyooshea kidole.

"Kinyesi chao," alisema Sadala. "Wamekuwa wakiharisha. Nyuki mzima huenda haja angani, hachafui nyumba."

"Na mizinga mingine?"

"Yote. Isipokuwa..." Sadala aligeuka akaangalia upande wa boma la Sironka.

"Lile sega mliloligawa lilitoka wapi?"

Hapo Sadala alichangamka. Alimpeleka hadi kwenye mti mkubwa karibu na ofisi ya kijiji, ambako gogo nene jeusi lilining'inia kwa kamba mpya. Huu ulikuwa Mzinga wa Uhuru. Mzee Mhina aliutundika kwa mikono yake asubuhi ya tarehe tisa Desemba 1961, na tangu hapo hakuna mzinga uliotundikwa bila kupewa kipande cha sega kutoka humo, ili nyuki wanuse nyumba ya ndugu waingie. Mwaka huu, kwa kuwa sasa ni kijiji cha Ujamaa, waliamua mizinga yote ipate, mipya na ya zamani, asikose mtu.

"Nilipima kwa kiganja," alisema Sadala kwa fahari. "Thelathini na nane, sawasawa kabisa. Hakuna aliyelalamika kapunjwa."

"Isipokuwa mmoja aliyenyimwa."

Sadala alitazama viatu vyake.

Habakuki aliusogelea mzinga ule. Michirizi mlangoni ilikuwa minene, ya miezi mingi. Aligeuka ghafla. "Mzinga huu ulianza lini kuharisha?"

Sadala alianza kukaza kamba ya mzinga.

"Bwana Sadala, mtu yuko ghalani."

"Tangu mwaka jana," Sadala alisema. "Malkia wake aliacha kutaga kabla ya kugawa. Asali ilikauka. Nilinyamaza, Sajenti. Ningemwambiaje Mzee Mhina kwamba Mzinga wa Uhuru unakufa? Nikasema tukigawa sega lake, baraka itabaki kwenye mingine. Wallahi sikujua kama ni vibaya!"

Kwa dakika nzima Habakuki alimshuku yeye. Mtu anayejua na akanyamaza ni mtu wa kutazamwa mara mbili. Lakini mizinga minane kati ya iliyokufa ilikuwa ya mtu huyu mwenyewe. Hakuna anayejiibia hivyo. Shida ni kwamba kusema hivyo mbele ya mkutano wenye hasira hakutoshi, kilitakiwa kitu cha kuonekana kwa macho.

"Nipe visanduku vitatu vya kiberiti," alisema. "Kimoja nyuki wa mzinga wa leo. Kimoja nyuki wa Sironka. Cha tatu nataka malkia wa mzinga wa leo."

"Malkia?" Sadala aliruka. "Ala! Ukimchukua malkia umeua mzinga!"

"Umeshakufa, kaka. Wewe ndiye uliyenieleza."

Sadala alimtoa malkia kwa vidole viwili, akamweka kisandukuni kwa upole wa mtu anayelaza mtoto, akageuza uso. Habakuki alikwaruza alama chini ya kila kisanduku, mstari mmoja, miwili, mitatu, na hakumwambia mtu upi ni upi.

Alhamisi alidandia lori hadi Handeni, na kutoka hapo jingine lililokuwa likienda mashamba ya mkonge, akashuka Korogwe nguo nyekundu kwa vumbi. Paulina alikuwa mpimaji wa malaria katika hospitali moja ya huko, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa na hadubini ambayo hakumruhusu mtu yeyote aipanguse.

"Sajenti, hapa tunapima damu za watu."

"Najua, mama. Hawa wakikosa kupimwa, kuna watu watapimwa na jua barabarani."

Alimweleza habari ya Naisimoi. Paulina alishusha miwani, akaipandisha, akasukuma pembeni foleni ya vioo vya damu.

"Lete. Bahati yako mwalimu wangu chuoni alifuga nyuki, alikuwa hatupumzishi nao."

Alimshika nyuki wa kisanduku cha kwanza, akamvuta mkia kwa kibanio, na utumbo ukatoka wote. Ulikuwa mweupe, umevimba. Wa kisanduku cha pili alitoa utumbo mwembamba wa rangi ya kahawia, wenye pingili zilizojipanga. Hata Habakuki, asiyejua kitu, aliona tofauti. Paulina aliuponda ule mweupe kwenye tone la maji, akauweka chini ya hadubini, akainama muda mrefu.

"Njoo uone mwenyewe."

Habakuki aliweka jicho. Vitu vidogo vya mviringo mrefu, vinavyong'aa, vilijaa kioo kizima bila nafasi, kama punje za mchele zilizomwagwa.

"Nosema," alisema Paulina. "Kimelea cha tumboni. Nyuki anakilamba kwenye sega lililochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa. Kinazaliana utumboni, chakula hakimfai tena. Sasa nani anamlisha malkia?"

"Wafanyakazi wake."

"Kwa midomo yao. Ndivyo anavyokipata." Alimpasua malkia wa kisanduku cha tatu kwa wembe, akasogeza vipande kwa sindano. "Hapa pangekuwa na vifuko viwili vya mayai vilivyojaa tumbo zima. Vimenyauka. Malkia anatembea, anakula, mtu akimtazama anasema mzima. Lakini hana mtoto tena. Na kundi likikosa watoto limekwisha."

"Na kisanduku cha pili?"

Paulina alipima nyuki watano wa kisanduku cha pili, mmoja baada ya mwingine. "Hakuna hata punje. Hawa wa nani?"

Habakuki alikigeuza kisanduku, akaangalia mistari miwili. "Wa mtu aliyenyimwa," alisema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akacheka kwa sauti. "Dawa ipo, mama?"

"Moto. Masega yote ya wagonjwa yateketezwe. Magogo yababuliwe ndani kwa mwali wa moto mpaka yawe meusi. Ukitaka nta ya kuwaitia nyuki wapya, chukua ya mzinga safi, uichemshe kwanza. Makundi yaliyosalia yahamishiwe magogo yaliyobabuliwa, mvua hizi zikileta maua wengine watapona. Na Sajenti, ule mzinga wa kwanza ulioanzisha, huo usibembelezwe. Uchomwe."

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilikuwa chini ya ule mti wa ofisi, na juu yao ulining'inia Mzinga wa Uhuru. Ng'ambo ya uwanja, Naisimoi alikuwa ameshafunga ngozi, vibuyu na vyungu juu ya punda wawili. Alisimama kati yao mkono kiunoni, tumbo mbele, hamsemeshi mtu.

Habakuki alizungumza kwa kifupi. Alieleza viluwiluwi, ndama, sisimizi, visanduku vitatu. Aliwaita watu wanne wa mbele, akavuta utumbo wa nyuki wa kijiji mbele ya macho yao, kisha wa nyuki wa Sironka. Mweupe, kahawia. Mweupe, kahawia. Watu walianza kusukumana waone.

"Basi wametiwa ugonjwa!" mtu alipaza sauti. "Bado ni yeye!"

"Ugonjwa umeingia kwa sega," alisema Habakuki. "Mizinga thelathini na nane ilipata sega, yote thelathini na nane imeugua. Mmoja haukupata. Sasa nauliza, sega lilitoka wapi?"

Vichwa viliinuka kimoja kimoja, vikatazama juu.

Mzee Mhina alisimama. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. "Kijana, tangu Uhuru mzinga ule uko hapo. Nilipanda mwenyewe kuufunga, mke wangu marehemu ameshika kamba. Leo unataka niwaambie watu wangu nini? Kwamba nimewagawia maradhi?"

Habakuki alikuwa na jibu la kipolisi, lakini alimwonea huruma mzee, akaliacha.

Sadala ndiye aliyesimama.

"Si wewe, mzee. Mimi. Niliona mwaka jana kwamba malkia wake hatagi, nikaficha. Niliogopa kukuvunja moyo. Nikakata sega nikawagawia wote kwa kiganja hiki." Aliunyoosha mkono wenye makovu. "Na yule niliyemdharau nikamnyima, ndiye niliyemsingizia. Sironka hakumwaga kitu. Aliyeua nyuki wenu ni mimi, bila kujua."

Mzee Mhina alimtazama Sadala, akatazama gogo jeusi muda mrefu, kisha akatia mkono mfukoni akatoa ufunguo wa ghala. Hakumpa mgambo. Alikwenda mwenyewe, akafungua, akatoka amemshika Sironka mkono mbele ya watu wote.

"Tumekukosea, ndugu yangu," alisema, na hakupunguza sauti. "Mimi wa kwanza."

Walishusha Mzinga wa Uhuru saa hiyo hiyo. Nyuki hawakuwamo tena, labda kumi waliotambaa. Mzee Mhina aliomba kiberiti, akawasha mwenyewe, akakaa karibu na moto mpaka machozi yakamtoka, na alisema ni moshi.

Ilibaki nta. Magogo thelathini na nane yangebabuliwa, jipya la kuziba pengo la lile la Uhuru lingechongwa, na yote thelathini na tisa yangehitaji harufu ya nyumba yenye uhai ili makundi ya msimu yaingie na yaliyohamishwa yatulie. Mzinga wenye uhai ulikuwa mmoja. Hakuna aliyekuwa na uso wa kuomba. Sironka alisikiliza maelezo ya Habakuki, akaondoka, akarudi na beseni lenye masega meupe mapya, na kipande kimoja chenye mayai, kila tundu yai moja limesimama. Habakuki alisogea kuyatazama kwa karibu, na alipokumbuka kwamba hajajifunga shuka alikuwa ameshachelewa kuogopa.

Watu walijipanga. Wa kwanza kufika mbele ya beseni alikuwa Sadala, kwa kuwa ndiye fundi na sufuria ya kuyeyushia nta ilikuwa yake. Alinyoosha mkono.

Sironka aliutazama ule mkono.

"Wewe ni mtu wa nyuki," alisema. "Subiri."

Sadala aliinamisha kichwa, lakini mkono hakuurudisha, akabaki ameunyoosha vile vile mbele ya kijiji kizima. Sironka alimwacha asimame, pengine kwa muda ule ule aliosimama yeye mwezi wa kwanza. Kisha akachagua kipande kikubwa kuliko vyote, kile chenye mayai, akakiweka juu ya kiganja kile chenye makovu.

"Hiki usikiyeyushe," alisema. "Kitie kwa wale uliowachukulia malkia wao. Watajilelea mwingine kutoka mayai haya."

Sadala alijaribu kusema asante, ikatoka kilio. Mtu alicheka, wa pili akacheka, na uwanja mzima ukaachia kicheko cha watu waliobanwa siku nyingi. Habakuki aligeuka atafute kofia yake, na ng'ambo ya uwanja akamwona Naisimoi ameinama kwa shida na tumbo lake, anafungua kamba za punda.